Cheo cha mwanafunzi kizunguke

Mhariri,

Msomaji wako mmoja amependekeza kuwa katika vyuo vya kijeshi uongozi wa wanafunzi wapewe wenye alama za juu peke yao, wakae nao mpaka kozi iishe. Nimefundisha maafisa wanafunzi miaka 11, kwa hiyo naomba nafasi nimpinge.

Kwetu uongozi ulikuwa wa zamu. Jumatatu jioni baada ya gwaride nilisoma jina la kamanda wa platuni wa wiki. Huyo ndiye atakayehesabu watu alfajiri, ahakikishe bunduki zote zimerudi ghalani, na aitwe kujieleza kitanda cha mwenzake kisipotandikwa. Wiki ikiisha anavua utepe begani, anarudi mstarini chini ya mtu aliyemkemea juzi. Hapo ndipo nilipokuwa nakodoa macho. Wapo hodari wa kuamuru ambao, wakishavuliwa utepe, walinuna siku tatu.

Kulikuwa na kijana mmoja ambaye sauti yake haikufika mstari wa tatu. Wenzake walimwita Mnong'ono. Zamu yake iliangukia matembezi ya usiku, na mvua ikanyesha. Walipofika njia panda isiyokuwemo kwenye ramani, aliwachuchumalisha watu wake, akawaita viongozi wa seksheni, yaani vikundi vidogo vya platuni, akawaambia, "Nimepotea. Mara ya mwisho nilikuwa na uhakika pale darajani. Nani amehesabu hatua tangu pale?" Mmoja alikuwa amehesabu. Wakarudi nyuma, wakashika njia, wakafika wamechelewa dakika 40, wote wakiwa wamekamilika. Wiki iliyotangulia kamanda mwingine, mwenye sauti ya radi, alifika kwa wakati, ila aliacha watu wawili nyuma na hakujua mpaka walipohesabiwa.

Mkufunzi mwenzangu alinigombeza kwa alama nzuri za uongozi nilizompa Mnong'ono. Sikuzibadilisha. Kwa utaratibu anaoutaka msomaji wako, kijana yule, asiyekuwa na alama za juu darasani, asingeshika ramani hata siku moja.

Tena vyeo vya shuleni si utabiri. Pale West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, Robert E. Lee alihitimu mwaka 1829 bila doa hata moja la nidhamu, akiwa mnadhimu wa kadeti wote, cheo cha juu kabisa cha mwanafunzi wakati ule. Ulysses Grant, aliyehitimu mwaka 1843, alipewa usajini ukamshinda, akavuliwa, mwaka wake wa mwisho akaumaliza bila cheo chochote. Mwaka 1865, kule Appomattox, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea mwisho, ni Lee, jenerali wa Kusini, aliyesalimu amri mbele ya Grant, jenerali wa Kaskazini. Sikatai kwamba Douglas MacArthur alikuwa kadeti mkuu chuoni hapo mwaka 1903 na baadaye akawa jenerali mkubwa. Wapo. Lakini huwezi kumjua kiongozi wa kesho kwa kuangalia karatasi ya mtihani.

Jambo jingine, kwa ufupi: mwanafunzi mwenye cheo asipewe ruhusa ya kumwadhibu mwenzake. Aripoti kosa, adhabu itoke kwa mkufunzi. Nimeona utepe wa kitambaa ukigeuka kiboko ndani ya siku mbili.

Alama za darasani zibaki kwa zawadi za siku ya kuhitimu. Orodha ya zamu mimi niliipanga kwa alfabeti. Hata msomaji wako, kama angepitia mikononi mwangu, angefikiwa.

Mkufunzi mstaafu wa kwata