Kwa wanakikoba wa Jumamosi, kabla hatujafungua sanduku

Wanangu,

Jumamosi iliyopita niliinuka mkekani kabla ya dua ya kufunga, nikaondoka bila kuwaaga. Wengine mlidhani presha imenipanda, na binti mmoja alinikimbilia hadi kona ya Barabara ya 12 kuniuliza kama aniitie bodaboda. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimesikia maneno niliyowahi kuyasema mimi mwenyewe, hivyo hivyo yalivyo, katika vibaraza vya Ngamiani hii hii, na sikuweza kuyasikiliza hadi mwisho.

Yule dada mliyempa dakika kumi alizungumza saa nzima. Kasema ajira hakuna na mshahara hautoshi, na hapo hakusema uongo. Katuonyesha picha za gari kwenye simu. Aliposema, "Huu si upatu, hii ni biashara ya mtandao, bidhaa ipo," niliona vichwa vikitikisika. Mtandao wenyewe ni wa watu: unanunua bidhaa, unaingiza wengine chini yako, nao waingize wengine. Nilipofika nyumbani nikaletewa habari kwamba wanane kati yenu mmeshapatana: tukivunja kikoba Jumamosi hii, mgawo wenu mnakwenda kununulia kifurushi cha kuanzia. Ndiyo sababu naandika, tena wazi, mbele ya wote. Mkitaka kuituma kwenye makundi mengine ya WhatsApp itumeni. Niliyoyafanya sikuyafanya sirini.

Na dada yule msimtukane. Anaamini anachosema. Nami niliamini.

Nilistaafu ualimu mwaka 2016. Kiinua mgongo kilipotoka niliezeka nyumba upya, nikalipa ada ya mjukuu, kilichobaki nikakiweka benki. Mwaka 2018 akanijia mtu niliyemfundisha darasa la nne, akaniamkia kwa adabu zote, akanialika kwenye "kikao" asiniambie cha nini. Kifurushi cha kwanza kilikuwa shilingi 480,000. Baada ya hapo kila mwezi ilinipasa nifikishe pointi za manunuzi ili nihesabiwe kuwa hai. Nisipofikisha, kamisheni ya walio chini yangu inanipita. Basi tarehe zikiyoyoma nilinunua mwenyewe. Uvungu wa kitanda ukajaa makasha: kahawa ya unga, dawa ya meno, vidonge vya maungio, poda ya sukari. Nilikaa humo miaka miwili na miezi minne. Siku niliyokaa na mjukuu kupiga hesabu tukakuta nimepokea shilingi 1,900,000 na nimetoa zaidi ya 7,000,000, nauli na malazi ya semina za Dar es Salaam hatujazigusa. Fedha hizo nimezitaja mara hii moja, basi. Zilikuwa zangu, na nilizitoa kwa mkono wangu.

Linaloniuma ni daftari.

Usiku wa kwanza baada ya kulipa nilipewa kazi ya nyumbani: andika majina mia moja. Usichague, waliniambia, usimkatie mtu tamaa kwamba hana pesa, wewe andika. Nikakaa mezani na daftari la mistari, lile lile aina niliyokuwa nikisahihishia. Namba 1 kaka yangu. Namba 2 shoga yangu wa Chumbageni. Wakafuata majirani, fundi wangu wa cherehani, muuza samaki anayeniwekea changu, walimu wenzangu wastaafu. Nilipofika kwenye sitini majina yalianza kunikauka, nikafumba macho na kuwapitia wanawake tunaokaa nao maulidini, safu kwa safu, natafuta nani nimemsahau. Nikawakamilisha mia. Niliona fahari.

Tangu usiku ule, wanangu, sikumsalimia mtu bila kumjua ni namba ngapi. Nikiulizwa "umeamkaje" najibu huku natafuta upenyo. Mtu akilalamika mgongo, natega sikio. Akisema mwanawe hana kazi, moyo unanidunda kwa furaha, kwa sababu hapo ndipo pa kuingilia. Tulifundishwa hivyo: tafuta jeraha la mtu, kisha mwonyeshe fursa. Mimi niliyelelewa kwamba jirani akikwambia shida yake umempokea mzigo, nilikuwa nimegeuza shida za watu kuwa mlango wa biashara.

Kulikuwa na mjane mtaani kwetu, yuko edani. Mwajua eda ya mume ni miezi minne na siku kumi, mwanamke hatoki ila kwa dharura. Nilimtembelea siku tatu mfululizo. Watu walisema Mwalimu ana imani. Siku ya tatu nilitoa pakiti ya kahawa kwenye mkoba, nikaanza. Alikuwa amevaa nguo isiyo na pambo, mikono kaiweka pajani, haiondoi. Hakunijibu lolote. Alinitazama tu, na nilipomaliza akasema, "Nilidhani umekuja kukaa nami." Nilitoka pale nikamripoti kwa aliyeniunganisha, naye akaniambia huyo ni mtu hasi, mpe muda kisha mrudie. Nikaandika kando ya jina lake: mrudie.

Neno hilo bado limo daftarini kwa mwandiko wangu.

Sasa huyu wa Chumbageni. Tulianza naye darasa la kwanza mwaka 1964. Tulisukana nywele, tulilia pamoja kwenye misiba ya wazazi wetu, mimi ndiye niliyemshika mkono wakati wa uchungu wa mwanawe wa kwanza. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi na alikimudu kwa vidonge vya kliniki. Nikampelekea poda. Sikumwambia aache vidonge. Ila nilimsomea ushuhuda wa mama mmoja aliyeviacha "akapona", kisha nikanyamaza, maana semina ilitufunza kwamba ushuhuda ukishatolewa usiongeze neno. Naye aliniamini mimi, hakuiamini poda. Akaviacha. Kikaja kidonda kwenye dole gumba la mguu, akakificha, na alipofikishwa hospitali ya Bombo walimkata vidole viwili.

Nilipokwenda kumwona, binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Hakunitolea ukali. Alinikabidhi kopo la poda lililobaki nusu, kalifunga kwenye kitambaa safi kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wowote asiache dawa ya hospitali kwa neno la mtu anayemuuzia kitu. Hata huyo mtu awe mimi. Hili nawaomba mlishike kuliko yote niliyoandika humu.

Nirudi kwenye "huu si upatu", maana neno hilo liliniudhi kwa jinsi linavyoutia doa upatu wenyewe. Mama zetu walicheza upatu kabla ya benki kufika mitaa hii. Wanawake 12, kila mwezi kila mmoja shilingi 20,000, mmoja anabeba 240,000. Ukifika mwisho kila mtu katoa 240,000 na kapokea 240,000. Zamu inajulikana, idadi inajulikana, wote mnafahamiana nyumba kwa nyumba. Hakuna haja ya kumleta mtu wa kumi na tatu ili wa kumi na mbili alipwe. Kikoba chetu nacho ni hivyo hivyo: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko nyumba tatu, na kila hisa imeandikwa. Faida yetu inatoka kwenye riba ya mikopo tunayokopeshana sisi wenyewe, kila mmoja anaiona ikihesabiwa.

Kile cha yule dada hula watu wapya. Wenye umri mnaikumbuka DECI, ule mchezo wa fedha. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" ili "wavune", na wengi waliamini kwa kuwa waliokuwa mbele walikuwa wachungaji. Mwaka 2009 serikali ikaizuia, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani Dar es Salaam. Pale hapakuwa na bidhaa hata moja, mbegu ilikuwa fedha na mavuno yalikuwa fedha ya aliyepanda nyuma yako. Hawa wa mtandao wana bidhaa, na bidhaa hiyo ndiyo inayotufanya tulale usingizi. Swali la kuuliza ni hili: nani anaitumia bila kuwa mmoja wao? Mimi katika miaka miwili na zaidi nilipata wateja wanne waliorudi kununua bila kujiunga. Wanne. Mengine yote niliyanunua mimi na niliowaingiza, ili tuhesabiwe hai.

Nilifundisha hisabati. Kwenye ubao wa semina waliandika: lete watano, kila mmoja alete watano. Nikapiga makofi na wenzangu. Hesabu ile sikuiendeleza hadi nilipokuwa nimekwisha kuharibu. Iendelezeni nami sasa: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Hiyo ya mwisho ni ngazi ya nane tu. Sensa ya 2022 ilihesabu Jiji letu la Tanga lina watu wapatao 393,000, vichanga wa mgongoni wakiwamo na wazee wasioinuka kitandani. Kwa hiyo walio ngazi ya nane watamleta nani? Na katika piramidi hii ya watu, sehemu kubwa kabisa ni hao wa mwisho. Wanane wenu mngeingia huko chini.

Mjukuu wangu alinisomea ripoti iliyotolewa mwaka 2024 na Tume ya Biashara ya Marekani. Walizichambua taarifa za mapato za kampuni 70 za namna hii, taarifa ambazo kampuni zenyewe huzitoa. Humo, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na taarifa nyingi hazikupunguza gharama ambazo mtu ametumia kuzipata hizo dola. Huko ni Marekani, wateja wana uwezo. Dada yetu hakuitaja ripoti hiyo, na sidhani kama ameonyeshwa.

Mmoja wenu alishalipa, najua, hakungoja Jumamosi. Mwanangu, kwako nasema haya kwa upole. Dai fedha yako leo, kwa maandishi, na bidhaa usizifungue. Wakikukatalia, ihesabu imepotea. Usiseme, "Nitaingiza wawili tu nirudishe yangu kisha nitoke." Hapo ndipo nilipozama. Nilikuwa nimeshajua mwezi wa nane kwamba hailipi, na niliowaingiza kuanzia mwezi wa tisa niliwaingiza nikijua. Walikuwa kumi na moja. Dhambi ya kutojua naweza kuisimulia mbele yenu. Ya hao kumi na moja huwa inaniamsha usiku.

Na kama una rafiki aliyemo, usimcheke wala usimkwepe. Nilipokuwa humo, kila aliyenikimbia alinithibitishia waliyoniambia, kwamba watu wa nje ni wavunja ndoto na jamaa yako halisi ni timu. Aliyenitoa ni kaka yangu, namba 1. Hakununua kitu, hakubishana nami. Kila Ijumaa alikuja, anakunywa chai, nikianza habari zangu anasema, "Hilo tuliache, dada. Hujambo wewe?" Kaniuliza hivyo kwa mwaka mzima, mpaka siku moja nikamjibu kweli.

Fedha za mgawo mnajua wenyewe za kufanyia nini, siwapangii. Ila binti wa machungwa, wewe unayeamka alfajiri kufuata mzigo Muheza, ulisema Jumamosi kwamba umechoka na biashara isiyo na mbele. Anayenunua chungwa lako analimenya na kulila, na kesho anarudi kwa kuwa lilikuwa tamu. Hujamwomba alete watu watano.

Shoga yangu amenisamehe. Nilikwenda kwake mwaka juzi nikapiga magoti, akaninyanyua, akalitamka kwa mdomo wake. Zamani nikiingia pale nilipita moja kwa moja hadi uani, nikafunua mtungi, nikachota kwa kata. Siku ile alimwita msichana wa kazi, nikaletewa maji kwenye bilauri, juu ya sinia, na kitambaa cha kudarizi chini yake. Nilikunywa. Tulizungumzia mvua na bei ya nazi.

Lile daftari bado ninalo. Nimekuwa nikipita nyumba kwa nyumba, kila niliyemwomba radhi nafuta jina lake kwa mstari mmoja. Wengine walinipokea, wawili hawakunifungulia mlango, na wengine wamefariki, hao nimewasomea Fatiha makaburini. Yamebaki majina sita. Mawili kati ya hayo ni ya mama zenu, wa ninyi mlio humu kikobani. Jumamosi nitafika mapema, saa tisa, na daftari nitakuja nalo. Waombeni mama zenu waje. Sanduku lisifunguliwe kabla sijasema nao.

Ni mimi Bibi Mwalimu wenu,
Ngamiani, Tanga