Utafiti usitengwe na chumba cha ushauri

Mhariri,

Nasimamia wanafunzi wa ushauri nasaha. Utafiti wao huishia kwenye dodoso, huku saa walizokaa na wateja hakuna anayezichunguza.

Carl Rogers, mwasisi wa tiba inayomweka mteja katikati, hakuvitenga viwili hivyo. Miaka ya 1940, akifundisha chuo kikuu huko Ohio, Marekani, alirekodi vikao kwenye santuri zilizojaa baada ya dakika chache tu, kisha akavisikiliza na wanafunzi wake: hapa mshauri kamkatiza mteja, pale katoa ushauri asioombwa.

Leo simu inatosha, mradi mteja aridhie na siri yake ilindwe. Kamati za vyuo nazo ziache kukataa tasnifu inayochunguza vikao vya mteja mmoja eti "sampuli ndogo".

Msimamizi wa mafunzo,
Morogoro