Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyumba Ndogo Iliyokamilika, Si Boma Kubwa Linalosubiri

Ndugu wanachama, mbukwenyi.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada yangu, nami sitamwingilia. Mikutano ilifanyika kama katiba yetu inavyotaka, na wanachama wapya tumewapokea. Muda uliobaki nauelekeza kwenye ramani ya nyumba zetu, kwa sababu ndiyo tutakayoipigia kura leo, na kwa sababu yapo maneno mitaani kwamba kamati inataka kuwajengea watu vibanda.

Hapa Dodoma, pita Nzuguni, pita Nkuhungu, pita Ntyuka, uangalie maboma, yaani nyumba zilizoishia njiani. Mtu alianza na ramani ya vyumba vinne, kimoja masta, na baraza la mbele. Fedha ikaishia kwenye linta. Mvua inakula tofali, majani yanaota sebuleni, na mwenye boma bado analipa kodi ya chumba kimoja mjini. Wengi wetu humu tumo katika hali hiyo. Na mji hautungoji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mama lishe, mlinzi na dereva wa bodaboda wanazidi kusogezwa pembezoni, ambako akiba ya nyumba inaliwa na nauli.

Ndiyo maana kamati inapendekeza nyumba ya mita 6 kwa 7: vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, imepauliwa, ina milango, mtu anahamia. Nyuma yake kuna uwanja, na msingi wa chumba cha tatu unachimbwa siku ileile ya kwanza, ili familia ijenge itakapojaliwa bila kubomoa kitu. Jambo hili limefanyika kwingine. Mjini Iquique, katika jangwa la kaskazini mwa Chile, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walijenga mwaka 2004 nyumba nusu-nusu kwa familia karibu 100 zilizokuwa zikiishi kwa kujibanza katikati ya mji. Fedha ya umma ilijenga sehemu ngumu, yaani jiko, bafu, ngazi na kuta kuu, na nafasi iliyobaki wenyewe wakaijaza. Hapa nyumbani, wenzetu wa Chamazi, Dar es Salaam, ambao baadhi yao waliondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, waliweka akiba, wakanunua ardhi kwa pamoja na kufyatua tofali kwa mikono yao.

Lililozua ubishi mkubwa ni ukuta wa pamoja. Tunapendekeza nyumba nne nne kwa mstari mmoja. Nyumba nne za 6 kwa 7 zikisimama mbalimbali zinahitaji mita 104 za ukuta wa nje. Zikiungana, pamoja na kuta tatu za katikati, zinahitaji mita 83. Mita 21 za msingi, tofali na plasta zimeokolewa, na ardhi ya vichochoro imerudi kuwa uwanja. Faida nyingine ni jua. Mistari ikilala mashariki hadi magharibi, kuta za pamoja ndizo zinazoelekea macheo na machweo, hivyo jua kali la saa tisa alasiri halizipigi. Madirisha yanatazama kaskazini na kusini, upepo unaingia huku na kutokea kule, na bati likitokeza vya kutosha linayafunika kivuli. Nyumba ya mwisho upande wa magharibi ndiyo itakayobeba joto. Hapo tunapanda mwarobaini mapema, kabla hata ya kupaua.

Wazee wetu wa Kigogo waliyajua haya. Tembe, nyumba yao ya asili, ilikuwa na ukuta mnene na paa la udongo, mchana baridi ndani, na usiku wa Juni, ambao hapa Dodoma unauma, ndani kuna ujotojoto. Kwa bati tupu lisilo na dari, mchana haukaliki. Kwa hiyo dari ni sehemu ya nyumba ya kwanza, haisubiri. Vilevile ukuta wa pamoja lazima upande hadi kwenye bati. Ukiishia kwenye dari, mwizi au moto unapita juu kutoka kwa jirani mmoja hadi mwingine, na kila neno la chumbani linasikika. Wenye hofu ya kusikilizana wana haki, na hili ndilo jibu la kwanza. La pili ni kuufanya ukuta huo mnene kuliko mingine.

Tofali tunazopendekeza ni za kufungamana, aina inayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, ukashindiliwa kwa mashine. Hazichomwi, kwa hiyo hazili miti, na Dodoma haina miti ya kuchezea. Ila haziruhusu haraka. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, hivyo udongo wa kila shimo upimwe kwanza. Tofali zikae kivulini na zimwagiliwe angalau siku saba, na nguvu kamili huzipata zikifika siku 28. Kwa kuwa tuko kando ya Bonde la Ufa na ardhi hutikisika, mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha uzunguke mstari mzima. Hapo sikubali mtu apunguze nondo. Vijana wetu wakijisajili kama kikundi cha kufyatua tofali, wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri katika ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana.

Wapo waliotaka ghorofa. Tumeiacha kwa sasa, kwani zege la sakafu ya juu lingemeza fedha za nyumba nyingine nzima.

Kuhusu maji, mvua yetu ni takriban milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 42, tukiondoa robo inayopotea, linaweza kukusanya zaidi ya lita 17,000. Hatuna uwezo wa tangi la kiasi hicho, lakini gata na tangi dogo viwemo kwenye bei ya nyumba. Choo: shimo moja la maji taka kwa kila nyumba nne, likae upande ambao gari la kunyonya linafika.

Hati nayo imeulizwa sana. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila familia kuwa na hati ya sehemu yake hata kama ukuta ni wa pamoja. Kamati inaongeza sharti moja: anayeuza akitangazie chama kwanza. Bila hilo, nyumba hizi zitanunuliwa na wenye fedha, na sisi turudi kupanga.

Nakala za ramani ziko kwa katibu. Kura ya kwanza ni ya ukuta wa pamoja, ya pili ni ya sharti la kuuza.