Mwangwi wa maji usitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie rekodi za meli zinazotafuta gesi katika bahari kuu ya Tanzania.

Meli hizo hukokota bunduki za hewa pamoja na nyaya ndefu za kilomita kadhaa zenye vinasa sauti. Hewa ikifyatuliwa, sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, hupenya sakafu ya bahari, hugonga miamba na kurudi. Mtafuta gesi anataka mwangwi wa miamba. Ule unaotangulia, uliotoka ndani ya maji yenyewe, kwake ni makelele, basi huchujwa.

Mwaka 2003 Steven Holbrook wa Chuo Kikuu cha Wyoming, jimbo la Marekani lisilo na pwani, alichapisha pamoja na wenzake picha iliyotokana na mwangwi huohuo. Waliunasa karibu na Newfoundland, Kanada, ambako mkondo baridi wa Labrador hukutana na maji ya uvuguvugu ya Atlantiki. Matabaka ya maji yalionekana yamelaliana, yakipinda na kukatika, kilomita kwa kilomita bila pengo. Baadaye ilibainika kwamba tofauti ya joto ya nyuzi 0.03 tu yatosha kurudisha mwangwi. Kwa njia ya kawaida ya kupima joto la bahari, meli husimama, hushusha chombo, hupima, kisha husogea mbali. Ya katikati hukisiwa.

Kwetu jambo hili si la anasa. Kusi ikivuma, maji ya juu huvurugika na kupoa, na mpaka wa maji baridi hushuka. Jodari hufuata mipaka hiyo.

Ninachoomba ni rekodi ghafi zihifadhiwe, na sehemu ya maji wafunguliwe watafiti wetu wa bahari na uvuvi. Sehemu hiyo haina picha ya miamba ambayo kampuni huitafuta. Wala hatuhitaji milipuko mipya ya kuwasumbua nyangumi. Iliyokwisha kupigwa inatosha kuanzia.

Kwa vibali vijavyo, meli zitakiwe pia kudondosha vipimajoto vya kutumika mara moja, vile vinavyozama vikituma vipimo kwa waya mwembamba wa shaba. Mwangwi huonyesha mpaka wa tabaka ulipo, ila joto lenyewe lazima lipimwe, na lipimwe wakati uleule meli inapopita.

Mwalimu wa fizikia,
Mtwara