Barua kwa mwanangu: saruji usiikubali

Mwanangu Mwanaisha,

Hatujambo sote. Barua yako ilinifurahisha mpaka pale ulipoandika kuwa fundi mmoja kwenye mahamamu ya kale ya Kaisari Caracalla huko Roma, mnakokarabati kuta, kakwambia saruji kidogo kwenye viungo vya matofali haidhuru. Inadhuru! Nawe, pamoja na kusoma kote huko, ukanyamaza?

Matofali ya nje ni ganda tu. Ndani ni zege la chokaa, mchanga wa volkano na mawe yaliyopangwa kwa mkono. Mahamamu yale yalifunguliwa mwaka 216. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa kupitia viungo, yaani ile mistari ya chokaa kati ya tofali na tofali. Ukiviziba kwa saruji, maji hutafuta njia kwenye tofali, chumvi inaganda chini ya uso wake, uso unabanduka. Mwishowe saruji imetokeza, tofali la Warumi limeliwa.

Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga wa kuchimbwa, nami sioni cha kubadilisha. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulala majini miezi 3 au zaidi. Punje isiyozimika itavimba ukutani baadaye na kupasua kazi. Lowesha matofali kwanza, maana tofali kavu hunyonya maji ya chokaa, nayo inabaki vumbi. Jaza kidogo kidogo, kama sentimita 1.5 kila mara, kisha funika kwa gunia lililoloweshwa. Chokaa yetu ya matumbawe haigandi ndani ya maji kama ile yenye mchanga wa volkano, kwa hiyo mazoea ya Hamamni, mahamamu yetu ya Zanzibar, usiyahamishe mzima mzima.

Anzeni juu ya ukuta, ndiko mvua inakoingilia. Mashimo yaliyopangwa mistari ni ya miti ya jukwaa la ujenzi. Mengi ya yale madogo yaliyotawanyika yalishika vibanio vya bamba za marumaru, ambazo watu walizing'oa, nyingine wakazichoma kupata chokaa. Yote ni ushahidi. Usiyazibe, na kwa saruji ndiyo kabisa. Fundi yule akikushikilia, mwombe aandike pendekezo lake na kulitia sahihi. Wewe ni hodari, ila una haya mno mbele ya wakubwa.

Mfereji wa paa umeziba tena, kaka'ko kaahidi Ijumaa. Umeme nimenunua. Mama'ko anauliza akutumie karafuu, au pilipili manga tu inatosha?

Baba'ko