Ile inveta ya Uru inayokufa saa saba mchana

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salaam kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Sakina. Sisi huku ni wazima. Mama mguu bado unamsumbua asubuhi, ila kanisani anafika mwenyewe.

Nakuandikia habari ya inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Naomba uisome mpaka mwisho, maana na wewe umo ndani yake.

Yule mama wa Uru anayeuza maziwa na mtindi, tuliyemfungia paneli pamoja, ameniletea mashine yake, ile ya betri za volti 24, mara tatu mwaka huu. Mara ya kwanza ilikuwa Mei. Mosfeti zote nne za upande wa betri, zile swichi zinazokata na kuunga umeme kwa kasi, zilikuwa zimepasuka, na namba zake zilishasuguliwa tangu kiwandani, hazisomeki. Nikafanya kama tulivyozoea: nikaweka mosfeti za IRF3205, nikabadilisha rezista zilizoungua za geti, ule mguu unaoiamrisha mosfeti, nikawasha, ikawaka. Juni na Julai yote ikapiga kazi. Unaijua Moshi ya miezi ile, wiki nzima mlima umejifunika na jua hulioni. Mwishoni mwa Agosti mawingu yakafunguka, mashine ikafa. Nikaweka nyingine nne. Zikakaa siku tisa.

Alipokuja mara ya tatu sikugusa bisibisi. Nilimpa kiti nikamuuliza inakufaje. Akaniambia, "Mwanangu, hii kitu haijawahi kufa usiku hata siku moja. Inakufa saa saba mchana, friza ikitaka kuwaka." Mara zote mbili mimi nilikuwa nimeamua ni joto tu, nikasafisha feni na kupaka grisi upya. Jibu alikuwa nalo yeye, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Mezani kwangu ilikataa kabisa kuonyesha kosa. Nilimaliza chaji ya zile kapasita kubwa kwa balbu ya wati 60, na wewe usiache kufanya hivyo hata ukiwa na haraka, pale panakaa karibu volti 400. Nikaondoa zilizokufa, nikaweka 3205 nyingine, nikaunganisha betri kupitia balbu ya lori ya volti 24, ili kama kuna shoti iwake balbu, isilipuke mosfeti. Balbu haikuwaka. Mguu wa 16 wa SG3525, ile chipu inayoziamrisha mosfeti, ulikuwa na volti 5.1 safi, wa 11 na wa 14 ikipokezana vizuri. Nikatoa balbu, nikaiacha kwenye betri zangu kutwa nzima. Haikutetereka.

Ndipo ile saa saba ikanirudia. Saa saba, jua la utosi, betri zake haziko kwenye volti 25 kama zangu. Chaji kontrola, inayozichaji kutoka kwenye paneli, inazipandisha mpaka 28.8. Nikaweka betri pembeni, nikatumia pawasaplai ya kurekebisha, nikawa napandisha volti taratibu huku naangalia dreni, mguu wa mosfeti unaounga transfoma, kwenye ile oskiloskopu yangu ndogo inayochora umbo la umeme. Unakumbuka mashine hii ni pushi-puli: transfoma ina waya wa katikati, upande mmoja ukivuta, upande uliozimwa unabebeshwa volteji ya betri mara mbili. Kwenye 25 umbo lilisimama 50, juu yake mwiba mfupi mwembamba, yaani volti zinazoruka ghafla. Nikaenda 26, nikaenda 27, mwiba ukawa unapanda nao. Nilipofika 28 na nusu ukaacha kupanda. Ukakatika bapa kwenye 61 hivi, kila pigo urefu ule ule, kama umegonga dari. Nikazima, nikagusa bati la kupozea. Lilikuwa la moto, na mzigo wenyewe ni balbu mbili tu.

Dari ile ni mosfeti yenyewe ikizidiwa. IRF3205 ni ya volti 55. Mara mbili ya 28.8 ni 57.6, na hapo mwiba bado hujauhesabu. Kwenye mashine za volti 12 inakaa raha, ndiyo maana tuliizoea. Miguu yake inaingia matundu yale yale, imeandikwa ampea 110, na sisi tulitazama ampea tukaacha volti. Usiku inapona kwa sababu betri zimeshuka. Mchana betri zimejaa, friza inaamka na kuvuta kwa nguvu, mwiba unarefuka, basi.

Sasa nimeweka IRFB4110, za volti 100. Madukani zimo zilizochapwa namba upya, kwa hiyo kila moja niliipima kabla ya kuilehemu: geti nikaiunga na sosi, ule mguu wa tatu, nikapeleka DC ya volti 300 kwenye dreni kupitia rezista ya megaomu 1, nikasoma mita kati ya dreni na sosi. Nzuri zilisimama 108, nyingine 110. Mbili zilisimama 63, na juu zimeandikwa 4110 vizuri kabisa. Nilizirudisha. Ukipima hivyo mkono mmoja uweke mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Wiki ya tatu sasa inafanya kazi, na jua limekuwa kali. Pesa ya safari hii sikuchukua. Mara mbili maziwa yake yaliharibika ndani ya ile friza, maziwa aliyokusanya kwa majirani kwa ahadi ya kulipa mwisho wa wiki. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa upande wako. Tulitengeneza tatu kama hii kule kwenu: ya mwalimu wa Usa River, ya saluni ya Ngaramtoni, na ya yule mzee wa kuku wa Tengeru. Zote za volti 24, zote tuliweka 3205. Kama bado zinawaka ni kwa kuwa mzigo ni mdogo au mawingu yamezisitiri. Vuli ikianza itazisitiri tena, kisha Januari zitakufa zote. Nenda kabla ya mvua. Jumanne nakutumia mosfeti 12 kwa basi la asubuhi, nimeshazipima zote, nimezifunga kwa karatasi ya alumini ndani ya kopo la kahawa. Usiwaambie mashine zao ni mbovu. Waambie tuliweka kifaa kisichofaa na tumekuja kukitoa, bure. Anza na saluni, ile drai yao ndiyo nzito kuliko vyote.

Nijulishe kopo likifika.

Mimi fundi mwenzako