Harambee ya paa la kikanisa, Taal

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanajumuiya wa Kiswahili hapa Roma na marafiki mlioko kwingineko. Wafilipino tunaosali nao wengi wametoka mkoa wa Batangas, na baadhi ni wenyeji wa Taal. Tulipofiwa, ndio waliopika na kuchangia gharama za kusafirisha mwili. Sasa zamu ni yetu: tuwachangie paa la kikanisa kimoja cha huko kwao Taal.

Taal ni mji mkongwe. Waagustino waliuanzisha mwaka 1572 kando ya ziwa. Mwaka 1754 volkano iliyo humo ziwani ilitema moto na majivu tangu Mei hadi Desemba, mji ukaangamia. Watu wakahamia karibu na bahari, wakaanza upya. Kanisa walilojenga huko likaangushwa na tetemeko la 1849; hili la sasa, Basilika ya Mtakatifu Martino, lilianza kujengwa 1856. Wenyewe husema Asia nzima hakuna kubwa kulishinda, nasi hatubishani nao.

Mgeni akishaona basilika huona amemaliza. Lakini Taal ina barangay 42, ngazi ya chini kabisa ya serikali, kila moja na kiongozi na baraza la kuchaguliwa. Kumi na nne za mjini kati zinaitwa kwa namba tu. Nyingine zina majina: Butong, Caysasay, na Balisong, inayosifika kwa visu vya kukunja. Mji wenyewe umemegwa mara kadhaa: San Luis na Lemery zilijitenga miaka ya 1860, na San Nicolas, palipokuwa mji wa kale, mwaka 1955.

Basilika ikipata ufa, wahisani hujitokeza. Kikanisa cha barangay kinategemea wakazi wake na ndugu zao wanaofanya kazi za nyumbani hapa Roma. Hiki tunachokichangia, mabati yake yameliwa na kutu tangu volkano ile ilipotema majivu tena Januari 2020. Mvua ikinyesha, waumini wote hubanana upande mmoja.

Tunatafuta euro 3,000 za mabati, mbao na fundi. Harambee ni Jumapili ya tatu ya Oktoba, baada ya misa. Sisi tutaleta pilau na maandazi. Wao watakaanga nyama yao ya tapa na kuchemsha kahawa ya barako (kali hiyo, msiwape watoto). Kutakuwa na mnada wa kitambaa cha altare kilichotariziwa kwa mkono: masuke ya ngano kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, huyaoni mpaka ukisogeze dirishani. Taal ni mji wa watarizi. Marcela Agoncillo, aliyeshona bendera ya kwanza ya Ufilipino akiwa Hong Kong mwaka 1898, ni binti wa huko. Bei ya kuanzia ni euro 50.

Bahasha ziko kwa mhazini. Walio mbali watume kwenye akaunti ya jumuiya na kuandika "Paa". Ahadi zilipwe kabla ya Novemba 11, sikukuu ya Mtakatifu Martino, ili fundi aanze mvua za kule zikikatika. Risiti zote zitabandikwa mlangoni.